Saratani Iliyotafutwa na Saratani Iliyojitokeza

Kila ikifika Oktoba miji yetu huvaa rangi ya waridi. Mahema husimamishwa viwanjani, madaktari na wauguzi hutoa Jumamosi zao, wanawake hujipanga foleni tangu asubuhi, na kwenye kipaza sauti hurudiwa sentensi moja: saratani ya matiti ikigundulika mapema inatibika, na waliowahi karibu wote huwa hai miaka mitano baadaye. Nawaheshimu wanaosimama juani kuitangaza. Lakini sentensi hiyo imebeba takwimu za wanawake wa nchi nyingine, waliogundulika kwa njia ambayo wengi wa wanawake wetu hawajawahi kuipita. Tukiichukua kama ilivyo, tutapeleka fedha na nguvu mahali ambapo wagonjwa wetu hawapo.

Saratani ya matiti hujulikana kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza mwanamke hana dalili yoyote, anaitwa kwa sababu ya umri wake tu. Uingereza, kwa mfano, ina mpango wa taifa ulioanza mwaka 1988: mwanamke akishavuka miaka 50 hupata barua ya kumwita apigwe picha ya mamografia, kisha huitwa tena kila baada ya miaka mitatu. Picha ikionyesha kivuli au chembechembe nyeupe za kalisi, anarudishwa, anachomwa sindano ya kutoa kinyama, na majibu ya maabara humkuta akiwa hajahisi chochote. Katika njia ya pili ni mwili wenyewe unaosema. Mkono unagusa kitu kigumu wakati wa kuoga, chuchu inavutwa ndani, ngozi inabonyea, majimaji yenye damu yanaonekana kwenye sidiria, au uvimbe unatokea kwapani. Hapo ndipo safari ya hospitali inapoanza.

Jina la ugonjwa ni moja, lakini chini ya darubini makundi haya mawili hayafanani. Saratani zilizotafutwa kwa picha kwa kawaida ni ndogo, hazijafika kwenye tezi za kwapani, seli zake hugawanyika polepole, na mara nyingi zaidi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, jambo linalofanya vidonge vya kuzuia homoni vifanye kazi. Takriban moja kati ya tano bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoboa ukuta wake. Zilizojitokeza zenyewe huwa kubwa zaidi, mara nyingi zimeshafika kwenye tezi, na ndani ya kundi hili zile kali zina sehemu kubwa zaidi: zile zisizo na hata kimoja kati ya vipokezi vitatu vinavyopimwa, na zile zenye protini ya HER2 kupita kiasi.

Mtu atasema zilizotafutwa ni ndogo kwa sababu zimewahiwa. Ni kweli, ila ukweli huo haumalizi habari. Mwaka 2004 Heikki Joensuu na wenzake wa Finland walichapisha ulinganisho wa wanawake wa makundi haya mawili, wakizingatia ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi na ukali wa seli, ili mwenye uvimbe mdogo alinganishwe na mwenye uvimbe mdogo. Hata baada ya kusawazisha hayo yote, wale ambao saratani yao ilipatikana nje ya upimaji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kusambaa mwilini. Maana yake ni kwamba namna ugonjwa ulivyopatikana ilibeba habari ambayo rula na darubini hazikuisoma.

Kwangu huu ndio moyo wa jambo lote, na inafaa tukae hapa kidogo.

Chukua daraja lenye pilikapilika. Kwa siku nzima inavuka mikokoteni mia moja na bodaboda mia moja. Mkokoteni unatumia dakika kumi kuvuka, bodaboda nusu dakika. Mpiga picha anakuja kila baada ya saa moja, anapiga picha moja, anaondoka. Jioni ukizitandaza picha zake utaona mikokoteni tele na bodaboda moja tu hapa au pale, na usipojua namna picha zilivyopigwa utaapa kwamba mji huu hauna pikipiki. Ndivyo ilivyo kwa upimaji wa matiti. Saratani inayokua polepole hukaa miaka kadhaa katika kipindi ambacho picha inaweza kuiona lakini mkono bado hauwezi kuigusa. Saratani kali hukipita kipindi hicho kwa miezi michache. Anayepima kila baada ya miaka miwili au mitatu atazikamata zaidi zile za polepole, hata mashine ikiwa nzuri namna gani na mtaalamu akiwa makini namna gani.

Zile za haraka hujitokeza katikati, baada ya raundi moja ya upimaji na kabla ya nyingine. Baadhi yake zilikuwepo siku ya picha lakini zilifichwa na titi lenye nyama nzito, kwa kuwa kwenye mamografia nyama nzito ni nyeupe na uvimbe nao ni mweupe. Nyingine hazikuwepo kabisa, au zilikuwa ndogo mno, kisha zikakua mbio. Kwa wastani saratani hizi za katikati ni kali kuliko zilizoonekana kwenye picha, na huwapata zaidi wanawake wa umri mdogo miongoni mwa wanaopimwa. Kwa hiyo mwanamke aliyeambiwa matiti yake ni salama, halafu baada ya miezi akaona badiliko, anatakiwa arudi hospitali haraka kama yule ambaye hajawahi kupimwa. Majibu mazuri ya Machi hayasemi lolote kuhusu uvimbe wa Agosti. Kwenye mahema ya Oktoba jambo hili halisemwi vya kutosha, na kila mwaka wanawake wanaondoka na karatasi mkononi wakiamini wamelindwa kwa mwaka mzima.

Sasa tuitazame ile ahadi ya miaka mitano. Tuseme wapo mapacha wawili wenye saratani ile ile, inayokua kwa mwendo ule ule, na tuseme, kwa bahati mbaya, ni ya aina ambayo matibabu hayaiwezi. Mmoja anaishi kwenye nchi ya barua na mamografia. Anagundulika akiwa na miaka 52. Mwenzake hana mpango wa aina hiyo. Anaugusa uvimbe akiwa na miaka 56. Wote wawili wanafariki wakiwa na miaka 60. Kwenye vitabu vya takwimu, wa kwanza ameishi na saratani miaka minane, amehesabiwa miongoni mwa walionusurika miaka mitano. Wa pili ameishi minne, amehesabiwa miongoni mwa waliokufa. Hakuna aliyeongezewa hata siku moja ya uhai. Kilichoongezeka ni muda wa kujua kwamba anaumwa.

Ndiyo maana nchi inapoanza kupima wasio na dalili, asilimia ya wanaoishi miaka mitano hupanda hata kama vifo havijapungua: saa inaanza kuhesabu mapema, saratani za polepole zinaingia kwa wingi kwenye hesabu, na pamoja nazo zinaingia zile ambazo zisingemsumbua mwenyewe maisha yake yote.

Hizi za mwisho ni ngumu kuzieleza, kwa sababu hakuna mgonjwa anayeweza kuonyeshwa kwa kidole ikasemwa huyu yake ingelala tu. Zinaonekana kwenye hesabu ya wengi. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alikutwa na uvimbe wakati wa uchunguzi wa kawaida, na mwishoni mwa Septemba akatolewa titi. Aliliweka jambo hilo hadharani katika zama ambazo ugonjwa huu ulitajwa kwa kunong'ona. Wiki chache baadaye Happy Rockefeller, mke wa aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais, aligundua uvimbe wake mwenyewe, naye akafanyiwa upasuaji. Wanawake wa Marekani wakamiminika hospitalini, na idadi ya saratani za matiti zilizoandikishwa ikapanda ghafla. Ugonjwa wenyewe haukuwa umeongezeka katika miezi ile. Walioongezeka ni waliokwenda kutazamwa. Mama Ford aliishi hadi miaka 93, na ujasiri wake ulifungua milango mingi. Tukio lile linatufundisha pia kwamba idadi ya wagonjwa inategemea sana bidii ya kutafuta.

Je, kutafuta kunaokoa maisha? Namna ya kweli ya kujibu ni kuacha kuhesabu miaka tangu kugundulika, na kuhesabu vifo katika makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, moja likiitwa kupimwa na jingine likiachwa na huduma zake za kawaida. Jaribio la kwanza la aina hiyo lilianza New York mwaka 1963, kwa wanawake wapatao 62,000 waliokuwa wanachama wa bima moja ya afya. Mmoja wa waliolibuni ni daktari Philip Strax, ambaye mkewe alikuwa amefariki kwa saratani ya matiti. Mwaka 1977 Sweden ikafuata kwa jaribio la mikoa miwili lililoongozwa na László Tabár, na mwaka 1985 likatangaza kwamba vifo vya saratani ya matiti kwa walioitwa vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja. Lakini jaribio la Canada lililoanza 1980, lenye wanawake karibu 90,000, halikuona upungufu wowote wa vifo hata baada ya miaka 25. Mabishano baina ya wataalamu yamekuwa makali, na mengine hayajaisha.

Mwaka 2012 jopo la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot lilipitia ushahidi wote na kuuweka kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaweza kuupima. Waite wanawake 10,000 wenye miaka 50, uwapime kwa miaka 20. Vifo 43 vya saratani ya matiti vitazuilika. Wanawake 129 watagunduliwa na kutibiwa saratani ambayo isingewaletea madhara katika uhai wao. Kwa kila aliyeokolewa, watatu hivi wamepasuliwa, wamepigwa mionzi au wamemeza dawa bila kuhitaji, na hakuna hata mmoja wao atakayejijua. Kwa maoni yangu, mwanamke wa Leeds au Birmingham anayeambiwa namba zote mbili na akaamua kwenda, ameamua kwa busara. Na yule anayeambiwa hizo hizo akaamua kubaki, naye pia ameamua kwa busara. Siwaungi mkono wanaosema upimaji ule hauna faida. Vifo 43 ni mama wa watu, dada wa watu. Ninachosisitiza ni kwamba faida hiyo ni ya kiasi, ina gharama yake, na imepatikana mahali ambapo baada ya picha kuna kila kitu kingine.

Hapa ndipo inapotuhusu sisi.

Mwanamke wa Afrika Mashariki mwenye saratani ya matiti karibu kila mara amefika kwa njia ya pili. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini Tanzania ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wagonjwa wanne katika kila watano hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba miaka mitatu baada ya kugundulika, ni nusu tu waliokuwa hai. Ukiziweka namba hizi kando ya zile za nchi zinazopima kwa barua, pengo linatisha, na watu hukimbilia maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mashine ndizo zinazokosekana. La pili, linalosemwa hata na wasomi, ni kwamba saratani ya mwanamke Mwafrika ni kali kwa asili.

Maelezo hayo ya pili yanahitaji kutazamwa kwa jicho la daraja letu. Hesabu ya saratani za Marekani imejaa zile za polepole zilizokamatwa na mamografia, pamoja na zile ambazo zisingejitokeza kamwe. Hesabu yetu haina hizo. Zetu karibu zote ni zile zilizojitokeza. Ukilinganisha orodha hizo mbili, lazima ya kwetu itaonekana kali zaidi, hata kama wanawake wa pande zote mbili wangekuwa na saratani zinazofanana kabisa. Isitoshe, watu wetu ni vijana, na saratani za wanawake vijana huelekea kuwa kali popote duniani. Sikatai kwamba zipo tofauti za kweli: aina isiyo na vipokezi vyote vitatu ni nyingi sana Ghana, na ni chache zaidi Ethiopia, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kusema "saratani ya Mwafrika" kana kwamba ni kitu kimoja ni kosa. Lakini sehemu ya ukali huo imetokana na namna tunavyohesabu, na mwanamke aliyekatishwa tamaa kwa kuambiwa ugonjwa wa watu wake hautibiki amedhulumiwa.

Sehemu nyingine imetokana na maabara. Kinyama kikishatolewa kinapaswa kutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, mara moja, kwa kiasi cha kutosha, kisha kishughulikiwe kwa wakati. Kikikaa kwenye kikopo juu ya meza kikisubiri gari la kwenda mjini, vipokezi vya homoni huharibika na kipimo huonyesha havipo. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika na kukuta kwamba vinyama vilivyochukuliwa kwa mpango na kushughulikiwa mapema vilionyesha vipokezi vya estrojeni mara nyingi zaidi kuliko vile vilivyotolewa kwenye makabati ya zamani. Zaidi ya nusu ya wanawake waliopimwa walikuwa na vipokezi hivyo. Kwa mgonjwa hili ni suala la kufa na kupona. Mwenye vipokezi hupewa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na akikimeza kila siku kwa miaka mitano hatari yake ya kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa karibu theluthi moja. Aliyeandikiwa kwa makosa kwamba hana vipokezi hunyimwa kidonge hicho. Nimesikia hotuba nyingi za Oktoba. Sijasikia hata moja iliyotaja fomalini.

Na mashine? Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu mamografia. Kwa nchi zenye mifumo dhaifu ya afya, lilisema, mpango wa kupima wanawake wasio na dalili kwa mamografia haulipi. Cha kuanzia ni kuwahi kuwatambua na kuwatibu wale wenye dalili. Sababu si kwamba mwanamke wa Singida au Kitui ana thamani ndogo kuliko wa Stockholm. Mamografia huona vizuri kwenye matiti ya wanawake waliovuka umri wa hedhi, ilhali wagonjwa wetu wengi hawajafika umri huo. Kila picha yenye kivuli inahitaji altrasaundi, sindano, daktari wa patholojia, upasuaji, na wengi wa wanaorudishwa hukutwa hawana saratani. Mahali ambapo madaktari wa patholojia wa mkoa mzima hawazidi vidole vya mkono mmoja, wanawake wasio na ugonjwa watajaza foleni ile ile anayosubiri mwenye uvimbe. Mpango wa serikali ya Kenya wa kukodisha vifaa vya hospitali, ulioanza mwaka 2015, ulipeleka mashine za picha hadi kwenye hospitali za kaunti, za mamografia zikiwemo. Mashine hizo zina kazi muhimu ya kumsaidia daktari kumchunguza mwenye dalili. Lakini picha haisemi hii ni saratani. Anayesema hivyo ni mtu wa maabara aliyekitazama kinyama.

Tunacho kitu kingine cha kujifunza kutoka Asia, ambako watu hawakukubali kuiga bila kujaribu. Shanghai, kuanzia mwaka 1989, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa bidii namna ya kujipapasa matiti kila mwezi, wakakumbushwa, wakasimamiwa. Baada ya miaka kumi hivi, kundi la waliofundishwa lilikuwa na vifo 135 vya saratani ya matiti, na lile jingine 131. Uvimbe wa pande zote mbili ulipatikana ukiwa na ukubwa unaokaribiana. Waliofundishwa walipata zaidi vipimo vya kinyama kwa vivimbe visivyo na madhara, basi. Habari hii inawaudhi wengi, kwa kuwa kujipapasa kila mwezi ndilo fundisho kuu la kampeni. Naisoma hivi: ratiba ya kila mwezi yenye hatua na michoro haijaonyesha kuokoa watu. Mwanamke kuujua mwili wake, na kwenda hospitali wiki ile ile anapoona badiliko, ni jambo jingine, na hilo jaribio la Shanghai halikulipinga.

Mumbai walijaribu njia ya mkono wa mwingine. Kuanzia mwaka 1998, hospitali ya Tata Memorial iliwafundisha wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari, wakapita kwenye mitaa ya watu maskini wakiwachunguza wenzao kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Wanawake 151,538 wenye umri wa miaka 35 hadi 64 walihusika. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021. Waliochunguzwa waligundulika katika hatua za mapema zaidi. Kwa waliokuwa na miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, upungufu wa maana haukuonekana. Hakuna mashine iliyotumika, na kwa wanawake wa umri huo faida ilikuwa kubwa. Hilo linaweza kufanyika Mbeya. Linaweza kufanyika Pemba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao, wauguzi wa zahanati tunao, na Rwanda, kupitia hospitali ya Butaro, imeshaonyesha kwamba muuguzi wa kituo cha afya akifundishwa anaweza kuupapasa uvimbe, kuutambua, na kumpeleka mgonjwa mahali panapotakiwa.

Lakini hata mkono uliofundishwa hautasaidia kama njia ya baada yake imefungwa. Nimeisikia simulizi ya njia hiyo kwa wanawake wengi, na ingawa majina hubadilika, vituo ni vile vile. Mama ananyonyesha, anaona uvimbe, anakwenda kituo cha karibu. Anaambiwa, "Mama, hayo ni maziwa yameganda, meza hizi dawa, rudi baada ya wiki mbili." Anarudi, anapewa dawa nyingine. Anapita duka la dawa, anapita kwa mganga, anapita kwenye maombi. Mume anauliza fedha zinakwenda wapi. Baada ya miezi anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Huko kinyama kinachukuliwa, naye anaambiwa asubiri simu. Simu haiji. Anauza mbuzi ili aende mjini kufuatilia majibu. Mwishoni anapofika Ocean Road, Bugando, Mulago au Eldoret, anakutana na daktari aliyechoka anayemuuliza, "Dada, mbona umechelewa?"

Swali hilo huniumiza kila ninapolisikia. Mama huyo aliwahi. Aliwahi katika wiki ya kwanza, akiwa na uvimbe mdogo, kwenye mlango wa serikali ulio karibu naye. Waliochelewa ni wengine. Na kampeni inayomwambia kwamba tatizo ni yeye kutojipima inamwongezea mzigo wa lawama mtu ambaye tayari amebeba ugonjwa.

Wale watafiti waliowafuatilia wanawake wa nchi tano za Afrika walikadiria kwamba zaidi ya robo ya vifo walivyovishuhudia vingeweza kuzuilika kwa mambo mawili yanayowezekana: kuwahi kuwagundua wenye dalili, na kuwatibu ipasavyo. Makadirio hayo hayakutegemea barua wala mamografia ya kila mtu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa dunia wa saratani ya matiti na kuweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize matibabu yao bila kuyakatiza. Lengo la katikati ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linamwajibisha mwenye hospitali. Siku zinaanza kuhesabiwa pale mama anapovuka mlango wa zahanati, na kuanzia hapo kila siku inayopotea ina mwenyewe, na mwenyewe huyo si mgonjwa.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, fedha za gari la mamografia ningezipeleka kwenye sindano za kutolea kinyama katika kila hospitali ya wilaya, chupa za fomalini zilizojazwa vizuri, mtu anayelipwa kusafirisha vinyama, masomo ya madaktari wa patholojia, na muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kumpigia simu mgonjwa majibu yakitoka na kumwambia siku na mahali pa kwenda. Ningeagiza pia kwamba mwanamke mwenye uvimbe usiopungua baada ya mzunguko mmoja wa hedhi, au mama anayenyonyesha ambaye uvimbe wake haukuondoka kwa dawa za kwanza, asiandikiwe dawa za pili kabla ya kupigwa altrasaundi. Siku itafika, naamini, ambapo wagonjwa wetu wengi watakuwa wanafika hatua ya kwanza na ya pili, maabara zetu zitakuwa na nafasi, na hapo mjadala wa barua na mamografia kwa wenye miaka 50 utakuwa na maana kwetu pia, pamoja na faida zake na hasara zake zote.

Mwaka huu nawaomba wanaoandaa mahema ya Oktoba jambo moja. Wasituletee tu idadi ya waliopimwa. Watuambie ni wanawake wangapi walikuja wakiwa na uvimbe, wangapi kati yao walitolewa kinyama, wangapi walipata majibu ndani ya siku 60, na wangapi wameanza matibabu. Namba hizo zichapishwe Januari, kwa mkoa na kwa kaunti, kwenye kurasa hizi hizi za gazeti, pamoja na jina la ofisi inayowajibika kwa kila mgonjwa ambaye bado anasubiri.